Mnunuzi msumbufu wa mtandaoni: mambo ya kumaliza kabla mzigo haujavuka Kobero

GITEGA/MUYINGA - Kwa wafanyabiashara wengi wa Gitega na Muyinga simu ya mkononi sasa ndiyo duka. Picha ya kitenge, ya tairi la pikipiki au ya redio hupigwa Kariakoo au Kahama asubuhi, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, na kabla jua halijazama mtu wa Gitega ameshaandika: "Niwekee mbili." Biashara imefungwa bila muuzaji na mnunuzi kuonana uso kwa uso. Matatizo huanza mzigo unapofika.

Wapo wanaokubali bei kwenye simu na kuikana mlangoni. Wapo wanaotuma ujumbe wa malipo ambao haukutoka katika kampuni yoyote ya simu. Wapo pia wanaonyamaza tu, simu inaita haipokelewi, na siku ya tatu haiiti tena. Muuzaji wa dukani akikutana na mtu wa aina hiyo hurudisha bidhaa kwenye rafu na siku ikaendelea. Yule ambaye mzigo wake umetoka Tanzania na kulipiwa ushuru mpakani hana rafu ya kuurudishia. Kuurudisha Kahama ni nauli nyingine na karatasi nyingine, na ushuru uliokwisha kulipwa hautoki tena mfukoni mwa serikali kwa sababu tu mteja hakupenda rangi.

Kwa hiyo mnunuzi msumbufu anatakiwa kushughulikiwa mapema, wakati mzigo bado uko upande wa Tanzania. Ukishavuka, nguvu ya muuzaji imepungua zaidi ya nusu.

Mpaka unaozungumzwa hapa ni wa Kobero upande wa Burundi na Kabanga upande wa Tanzania, katika wilaya ya Ngara mkoani Kagera, ambako ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika katika kituo cha pamoja. Malori yanayotoka Dar es Salaam hupita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, yakakata Lusahunga na kushuka Ngara. Yakishavuka yanaingia Muyinga, mji uliokuwa makao ya mkoa wa jina hilo hadi mageuzi ya utawala ya 2025 yalipouweka katika mkoa mpya wa Buhumuza. Kutoka hapo mzigo wa Gitega hushika barabara ya Karusi. Burundi ilipofunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, waagizaji waliokuwa wakichukua bidhaa Kigali walilazimika kutafuta njia nyingine, na njia ya Kobero ndiyo iliyokuwa karibu kwa watu wa kaskazini na katikati ya nchi. Gitega yenyewe imekuwa makao makuu ya kisiasa ya Burundi tangu 2019, na wateja wake wameongezeka aina: watumishi wa ofisi, wenye mashirika, wajenzi.

Bei ni ya wapi, na kwa fedha gani

Ugomvi mwingi unaoitwa usumbufu wa mnunuzi ni ugomvi wa bei ambayo haikuelezwa vizuri. Muuzaji ameandika "elfu themanini". Themanini za nini? Shilingi au faranga? Na ni bei ya kuchukulia Kahama, ya Kobero baada ya ushuru, au ya mlangoni Gitega?

Wafanyabiashara wa kimataifa waliliona tatizo hili zamani. Chama cha Biashara cha Kimataifa chenye makao yake Paris kilitoa masharti yanayojulikana kama Incoterms kwa mara ya kwanza mwaka 1936, ili neno moja tu lieleze nani analipa usafiri, nani analipa ushuru na nani anabeba hasara mzigo ukiharibika njiani. Mwuza vitenge wa Muyinga hahitaji kukariri vifupisho hivyo. Anachohitaji ni kuandika kwa maneno ya kawaida: "Bei hii ni ya Kobero, ushuru umelipwa, usafiri wa kufika Gitega ni wako." Sentensi moja hiyo, ikijibiwa "sawa" na mnunuzi, inaondoa nusu ya kelele.

Fedha ni jambo gumu zaidi. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi, BRB, ilishusha sana thamani ya faranga, lakini pengo kati ya bei ya benki na bei ya mtaani halikuzibika. Katika miaka ya 2024 na 2025 dola mtaani iliuzwa kwa zaidi ya maradufu ya bei rasmi. Mtu aliyeagiza Jumatatu kwa hesabu ya faranga za siku hiyo anaweza kukuta Ijumaa muuzaji anadai zaidi, naye akaona ametapeliwa. Muuzaji naye akipokea faranga zilezile za Jumatatu hawezi kurudi Kahama na kununua idadi ileile. Hapo hakuna mwizi, lakini patakuwa na matusi.

Njia inayofaa ni kuiwekea bei muda wa kuishi. "Bei hii ni ya siku mbili. Ukilipa baada ya hapo tunapiga hesabu upya." Wateja wengine watanung'unika. Afadhali wanung'unike kabla ya kulipa. Muuzaji aliye upande wa Tanzania aangalie pia kwamba kanuni zilizoanza kutumika 28 Machi 2025 zinakataza kutangaza bei au kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa zinazouzwa ndani ya Tanzania. Mwenye duka Kabanga anayeandika bei zake kwa dola ili ajikinge na faranga anajitafutia kesi ya aina nyingine.

Kisha kuna yule mteja anayejua sana. Anaandika: "Ushuru wa nini? Burundi na Tanzania si wote wa Jumuiya ya Afrika Mashariki?" Ni kweli Burundi iliingia katika Jumuiya Julai 2007. Lakini msamaha wa ushuru unafuata mahali bidhaa ilikotengenezwa. Mchele wa Shinyanga ukiwa na cheti cha uasili una haki yake. Simu iliyotengenezwa China haiwi ya Tanzania kwa kulala usiku mmoja Kariakoo, na itatozwa ushuru wa pamoja wa Jumuiya pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Burundi ni asilimia 18. Upo pia utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo, wenye mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, ambao hupewa cheti chepesi cha uasili mpakani. Huo nao ni kwa bidhaa za ndani ya Jumuiya zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Muuzaji asiyeweza kumweleza mteja jambo hili ataonekana anaongeza bei kwa kisingizio cha ushuru, na mteja hatakuwa na kosa kumshuku. Risiti ya ushuru ipigwe picha na kutumwa pamoja na picha ya mzigo.

Ujumbe si pesa

Malipo ya simu, Lumicash na EcoCash upande wa Burundi, M-Pesa na wenzake upande wa Tanzania, yameondoa hatari ya kutembea na mabunda ya noti. Yameleta hatari nyingine. Ya kwanza ni ujumbe wa kughushi. Mnunuzi anapiga simu akiwa na haraka: "Mama, nimeshatuma, angalia simu yako, kijana wangu yuko hapo kwa dereva anasubiri mzigo." Kweli ujumbe umeingia, una jina, una kiasi, una salio jipya. Lakini umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Dawa yake ni moja: asisome ujumbe, aangalie salio lake mwenyewe kupitia menyu ya huduma, au amuulize wakala. Ikiwa mtandao uko chini, mzigo usubiri mpaka urudi. Haraka ya mnunuzi siku hiyo ni alama mbaya kuliko kitu kingine chochote.

Ya pili ni "nimekosea". Pesa imeingia kweli, imezidi, na mteja anaomba kilichozidi kirudishwe kwenye namba nyingine. Muuzaji mwenye huruma anarudisha, kisha aliyetuma analalamika kwa kampuni ya simu kuwa muamala wake wa kwanza ulikuwa wa makosa na kuomba uzuiwe. Kinachozidi kirudishwe kwenye namba ileile kilikotoka, basi, na kiasi chote kitajwe kwenye ujumbe wa maandishi. Ya tatu Watanzania wanaijua kwa kicheko na kwa machungu: ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Mtapeli akiingia katikati ya mazungumzo ya muuzaji na mnunuzi, kila upande unaweza kuamini mwenzake ndiye mwizi. Namba ya kupokelea malipo itajwe mara moja, mwanzoni, na mnunuzi aambiwe kuwa haitabadilika kwa ujumbe.

Noti taslimu nazo zina habari yake. Juni 2023 BRB iliondoa kwenye mzunguko noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 na kutoa siku kumi tu za kuzibadilisha. Aliyekuwa mbali na benki, au aliyeuza kwa mkopo akasubiri kulipwa, alijikuta akipewa karatasi. Wafanyabiashara wa upande wa Ngara waliozoea kuweka faranga ndani ya sanduku wakisubiri bei nzuri ndio wanaoweza kuumia zaidi na tangazo kama lile. Anayepokea noti kubwa ana haki ya kuzihesabu na kuzikagua taratibu mbele ya mteja, hata kama mteja anaona anadharauliwa.

Mkubwa wa yote haya ni malipo ya awali. Wauzaji wengi huogopa kuyadai, wakidhani mteja atakimbilia kwa jirani. Wengine hudai nusu kwa sababu nusu inasikika vizuri. Hesabu iliyo sawa ni hii: malipo ya awali yatoshe kulipia usafiri wa kwenda, ushuru, na hasara ya kuuza bidhaa hiyo kwa mtu mwingine kwa bei ya chini. Kwa kitenge ambacho kila mtu anakitaka, hiyo inaweza kuwa theluthi. Kwa kipuri cha gari ambalo lipo moja tu Gitega nzima, ni bei yote. Mnunuzi anayekataa kuweka hata senti kwa bidhaa iliyoagizwa kwa ajili yake peke yake ameshajibu swali ambalo muuzaji hakuthubutu kumuuliza.

Mgumu na mwizi ni watu wawili

Kosa ambalo wauzaji wa mtandaoni hulifanya mara kwa mara ni kumweka kila mteja msumbufu kwenye kapu moja. Anayeuliza maswali kumi, anayetaka picha ya nyuma ya kitu, anayepunguza bei mara nne, huyo anachosha lakini mara nyingi ndiye anayelipa. Mtu aliyeamua kuiba hana sababu ya kubishana bei. Hukubali upesi, wakati mwingine huagiza vingi kuliko kawaida, na mazungumzo yake yote ni juu ya mzigo kufika, siyo juu ya mzigo wenyewe.

Kuna pia mteja anayechelewa kwa sababu za kweli. Burundi imepita katika upungufu mkali wa mafuta ya gari miaka ya karibuni, na mtu wa Gitega aliyeahidi kupanda Muyinga siku ya Alhamisi huenda amekaa kituo cha basi tangu alfajiri bila gari. Kumtukana kwenye kundi mbele ya watu mia mbili ni kupoteza mteja na jina kwa siku moja. Muuzaji mwenye busara huuliza kwanza, tena kwa simu na kwa adabu: "Kaka, mzigo wako uko Muyinga tangu jana. Nikuwekee hadi lini?" Jibu liwe tarehe. "Nitakuja tu" si tarehe. Baada ya tarehe kupita, muuzaji yuko huru kuuza, mradi alimwambia hivyo mapema na kusema kitakachokuwa juu ya pesa iliyotangulia.

Dereva asifanywe hakimu

Wasafirishaji ndio wanaobeba sehemu ya ugomvi huu bila kulipwa. Muuzaji yuko Kahama, mnunuzi yuko Gitega, na dereva amesimama katikati na katoni mkononi, kila mmoja akimpigia simu. Mnunuzi anasema anataka kufungua aone kwanza. Muuzaji anasema asifungue kabla ya kulipa. Dereva akiruhusu, na kitu kikapotea, ni wake. Akikataa, anaambiwa anashirikiana na mwizi.

Jambo hili lisiachwe lifike hapo. Kabla ya kupokea mzigo wa kulipiwa mlangoni, msafirishaji aandike vitu vinne kwenye karatasi ya mzigo: mnunuzi anaruhusiwa kufungua au hapana, nani atamwambia dereva kuwa pesa imeingia, dereva atasubiri muda gani, na mzigo ukikataliwa unaachwa wapi na kwa gharama ya nani. Hilo la mwisho ndilo husahauliwa. Mzigo uliokataliwa Gitega usirudi Kobero kwa mazoea. Ni nafuu uachwe kwa mtu anayeaminika mjini, ofisi ya basi au duka la mwenzake muuzaji, autafutie mteja mwingine palepale. Muuzaji wa Kahama asiye na mtu wa kumwachia mzigo Muyinga au Gitega hajawa tayari kuuza huko kwa malipo ya mlangoni, hata kama kundi lake la WhatsApp limejaa.

Neno la pesa kuingia litoke kwa muuzaji mwenyewe, kwa sauti, siyo kwa ujumbe ulioonyeshwa dereva kwenye simu ya mnunuzi. Tena dereva aijue sauti hiyo.

Mteja anapokuwa na haki

Si kila malalamiko ni usumbufu. Kitambaa kilichoonekana chekundu kwenye picha kinaweza kufika cha damu ya mzee. Simu inaweza kufika imepasuka kioo. Muuzaji anayekataa kila lalamiko huwafundisha wateja wake kukataa kila mzigo.

Kinachomlinda ni kumbukumbu. Bidhaa ipigwe picha mara ya mwisho ikifungwa, na namba zake zionekane. Kwa simu ya mkononi, ukibonyeza *#06# namba ya IMEI hutokea. Ipigwe picha, itumwe kwa mnunuzi siku hiyohiyo. Akirudisha simu akisema ni mbovu, namba ilinganishwe kabla ya neno lolote kusemwa. Wapo waliorudishiwa simu kuukuu ndani ya boksi jipya, na bila namba hakuna cha kubishania.

Muda wa kulalamika nao utajwe. Burundi ni mwanachama wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1980 kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa, na mkataba huo, unaohusu bidhaa za biashara na siyo za matumizi ya nyumbani, unamtaka mnunuzi akague mzigo mapema kadiri inavyowezekana na kutoa taarifa ya kasoro ndani ya muda wa kuridhisha. Kwa katoni ya vitenge iliyoshushwa Gitega, saa 24 zinatosha kuhesabu na kutazama. Liandikwe hivyo kwenye mazungumzo tangu mwanzo: anayelalamika baada ya wiki mbili, akiwa ameshauza nusu, hana lalamiko.

Yakishindikana

Deni likishakuwa deni, kinachofuata ni kuamua kama linastahili safari. Upande wa Burundi ugomvi mdogo mara nyingi huanzia kwa wazee wapatanishi, bashingantahe, kabla ya kufika kwenye mahakama ya chini inayojulikana kama tribunal de résidence. Muuzaji kutoka Tanzania anayeweza kwenda na ndugu au mwenzake anayezungumza Kirundi vizuri, akiwa na mazungumzo ya WhatsApp yaliyochapishwa kwenye karatasi, husikilizwa kuliko yule anayefika na hasira. Kwa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo asiyafute mazungumzo hayo kwa hasira wala kubadili simu bila kuyahifadhi. Ujumbe wa sauti ni mzuri kwa kubembelezana, lakini makubaliano ya bei na tarehe yaandikwe.

Jambo moja lisifanywe: kubandika picha ya mnunuzi na kitambulisho chake kwenye makundi na kuandika "mwizi huyu". Nchi zote mbili zina sheria za makosa ya mtandao, ya Tanzania ikiwa ya 2015 na ya Burundi ya 2022, na aliyedhulumiwa faranga laki moja anaweza kujikuta yeye ndiye anayeitwa polisi. Inatosha kuwaonya wauzaji wenzake kwa simu, mmoja mmoja. Katika mji wa ukubwa wa Muyinga habari hiyo itakuwa imezunguka soko lote kabla ya saa nane mchana.